Neno 'minyoo' linavyotugharimu ng'ombe na kondoo

Nathubutu kusema kwamba miongoni mwa mambo yanayowaangamiza ng'ombe na kondoo wa mkulima mdogo nchini, mojawapo ni neno. Neno lenyewe ni 'minyoo'. Mkulima huingia katika duka la dawa za mifugo, akaagiza dawa ya minyoo, akapewa dawa ambayo kwa hakika ni ya minyoo, akawanywesha kondoo wake kama alivyoelekezwa. Baada ya miezi miwili kondoo wale wale wanazidi kukonda, wanavimba chini ya taya, na kufa mmoja baada ya mwingine. Hapo mwenye mifugo hulalamika kwamba ameuziwa dawa bandia, au kwamba jirani ana kijicho. Aghalabu dawa haikuwa bandia. Ilikuwa dawa ya mnyoo mwingine.

Mimi si daktari wa mifugo, na msomaji ana haki ya kuuliza mwalimu wa isimu anatafuta nini zizini. Natafuta maneno. Mnyoo ninayetaka kumzungumzia leo ni yule anayeishi ndani ya ini, na nimekuja kuamini kwamba sehemu kubwa ya ushindi wake juu yetu inatokana na kule kukosa jina linalomtenga na wenzake.

Hasara anayotutia si ya kukisia. Rekodi za vichinjio zilizokusanywa kutoka wilaya 38 za Kenya kati ya 1990 na 1999 zilionyesha kwamba, miongoni mwa ng'ombe zaidi ya milioni 5.4 waliochinjwa, asilimia 8 walikuwa na mnyoo huyu. Mkoa wa Magharibi wa wakati huo uliongoza kwa asilimia 16, nao Mkoa wa Pwani ukawa wa mwisho kwa asilimia 3.5. Maini yaliyotupwa kwa amri ya wakaguzi wa nyama katika miaka hiyo kumi yalikadiriwa kuwa na thamani ya takriban dola milioni 2.6 za Marekani. Hayo ni maini peke yake. Maziwa ambayo hayakukamwa, ndama waliodumaa, mitamba iliyochelewa kushika mimba na kondoo waliofia malishoni bila kukiona kichinjio hawamo katika hesabu hiyo.

Tumwangalie basi kiumbe mwenyewe. Ni bapa, mwenye umbo la jani. Wataalamu humwita Fasciola, neno la Kilatini lenye maana ya utepe mdogo. Aina inayotawala katika nchi zetu za joto ni Fasciola gigantica, ambaye huweza kufikia urefu wa sentimita 7 hivi. Nduguye, Fasciola hepatica, ni mfupi zaidi na hupenda penye baridi, zikiwemo nyanda za juu za Ethiopia. Wote wawili hufanya makao katika mirija ya nyongo. Waswahili husema jambo limetumbukia nyongo wanapotaka kusema limeharibika. Hapa msemo huo hauna sitiari yoyote.

Akiwa humo, mnyoo huyu hutaga maelfu ya mayai kila siku. Mayai huteremka pamoja na nyongo hadi utumboni, kisha hutoka na kinyesi. Yai likiangukia mahali pakavu hufa. Likifika majini, na joto likiwa la kutosha, baada ya wiki mbili hivi huangua kiluwiluwi kisichoonekana kwa macho, ambacho kimejaliwa vinyweleo vya kuogelea na saa chache tu za uhai. Katika saa hizo sharti kimpate konokono wa majini wa jamii ya Lymnaea. Kwetu ni hasa Lymnaea natalensis, ambaye siku hizi wataalamu humwita Radix natalensis. Kisipompata, kinakufa. Kikimpata, huingia mwilini mwake na kuzaana, hata kiluwiluwi kimoja kikatoa mamia. Mamia hayo humtoka konokono yakiwa na mikia, yakaogelea hadi kwenye nyasi za ukingoni, yakaidondosha mikia yake na kujifungia katika vifuko vigumu vilivyonata kwenye majani. Ng'ombe hula jani, na pamoja na jani hula kifuko. Utumboni kifuko hufunguka, mnyoo mchanga hutoboa ukuta wa utumbo, hupita katika uwazi wa tumbo hadi kwenye ini, na kwa wiki kadhaa huchimba nyama ya ini kabla ya kutulia katika mirija ya nyongo. Tangu kumezwa hadi kuanza kutaga hupita takriban miezi mitatu hadi minne.

Nimeirefusha habari hii kwa makusudi, kwa kuwa kila mbinu ya kumdhibiti imo ndani yake. Mnyoo huyu ana nyumba mbili, ini na konokono, na njia mbili, maji na nyasi. Mfugaji anayempiga katika nyumba moja tu, tena kwa rungu lisilomfaa, anajichosha.

Madhara nayo yana sura mbili. Kondoo akimeza vifuko vingi kwa mkupuo, minyoo wachanga hulichimbua ini hata likavuja damu, naye huweza kufa ghafla bila ya kuonyesha dalili za maana. Lakini waliokwisha kukomaa huua polepole: huifyonza damu, ufizi na kope za ndani zikapauka, manyoya yakapukutika, na uvimbe laini wa maji ukajitokeza chini ya taya. Ng'ombe hustahimili zaidi kuliko kondoo. Ini lake hujitetea kwa kuifanya mirija iwe migumu, kiasi kwamba mchinjaji anapolikata husikia kisu kikikwaruza. Nieleze hapa, kwa kuwa swali hili huulizwa sana, kwamba mtu hapati ugonjwa huu kwa kula ini lililopikwa la ng'ombe mgonjwa. Binadamu huambukizwa kama ng'ombe anavyoambukizwa, yaani kwa kumeza vifuko vilivyo kwenye mboga mbichi zilizoota majini au kwenye maji yasiyochemshwa.

Mataifa mengine yalimwitaje? Waingereza walimpa jina la samaki bapa wa baharini, kwa neno lao la kale 'floc' ambalo leo ni 'fluke'. Waholanzi walifanya vivyo hivyo: 'leverbot' ni samaki bapa wa ini. Wajerumani walitazama tabia badala ya umbo, wakamwita 'Leberegel', yaani ruba wa ini. Jina linalonivutia zaidi ni la Wafaransa. Mnamo 1379 Jean de Brie, aliyekuwa mchungaji tangu utotoni, aliandika kitabu cha ufugaji wa kondoo kwa ajili ya Mfalme Charles wa Tano. Humo aliutaja ugonjwa wa ini na kuulaumu mmea mmoja wa mahali pa majimaji. Mpaka leo Wafaransa huliita dudu hili 'douve', jina lile lile la mmea.

De Brie alikosea, lakini alikosea kwa karibu sana. Mmea haukuwa na sumu. Ulikuwa umembeba adui. Ilichukua miaka mia tano kuujua ukweli huo. Mwaka wa 1879 ulikuwa na mvua nyingi mno nchini Uingereza, na katika majira ya baridi ya 1879 hadi 1880 kondoo wapatao milioni tatu wakaangamia. Msiba huo ulichochea utafiti, na kufikia 1883 A. P. Thomas huko Oxford na Rudolf Leuckart huko Leipzig, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wamegundua kwamba bila konokono mnyoo huyu hana maisha. Tangu hapo mfugaji wa Ulaya alijua kwamba vita havipiganwi zizini tu, bali kwenye dimbwi pia.

Sasa turudi kwetu. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili ni maskini wa istilahi za sayansi. Nawapinga. Kwa vimelea vya binadamu lugha yetu imepambanua vizuri mno. Tuna chango, tuna tegu mwenye mwili wa pingili, tuna safura inayomkausha mtu damu, na tuna kichocho, ambacho nacho hutoka kwa konokono wa majini. Hakuna mama anayechanganya kichocho na tegu. Mgonjwa akigeuka kuwa ng'ombe, utajiri wote huo tunauweka kando na kila kitu kinakuwa 'minyoo'. Upungufu haumo katika lugha. Umo katika mazoea ya sisi tunaoitumia, na hasa sisi tuliosoma. Napendekeza tuseme 'mnyoo bapa wa ini', au 'bapa wa ini' kwa kifupi, na wale wa tumboni na mapafuni tuwaite 'minyoo wa mviringo'. Neno 'bapa' si geni. Mtu yeyote aliyepigwa kwa bapa la panga analifahamu.

Kupambanua huku si anasa ya wanaisimu. Dawa ya levamisoli huua minyoo wa mviringo na haimgusi bapa wa ini. Ivamektini, ambayo imependwa sana kwa sababu huua pia chawa na wadudu wa upele, haimgusi vilevile. Albendazoli humuua bapa aliyekomaa, lakini kwa kipimo kikubwa zaidi: kwa ng'ombe ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, ilhali kwa minyoo wa mviringo 7.5 zinatosha. Kwa hiyo mkulima anayekipunguza kipimo ili chupa imfikishe mbali huenda akamponya ng'ombe minyoo wa tumbo na kumwachia wa ini. Isitoshe, dawa hiyo haifai kwa kondoo jike mwenye mimba changa. Oksiklozanidi, ambayo mara nyingi huchanganywa na levamisoli katika chupa moja, nayo huua waliokomaa. Triklabendazoli, iliyoanza kutumika 1983, ndiyo inayowafikia hata wale wachanga wanaochimba ini, na kwa hiyo ndiyo kimbilio kondoo wanapokufa kwa ghafla. Hata hivyo isitumiwe ovyo. Kufikia 1995 ilikwisha kuripotiwa nchini Australia kwamba minyoo wameizoea, na tangu wakati huo habari kama hizo zimetoka katika nchi kadhaa za Ulaya.

Niliwahi kusimama katika duka la dawa za mifugo, katika mji mmoja mdogo, nikingoja mvua ipungue. Aliingia mzee mmoja, maji yakimtiririka kofiani.

"Nipe dawa ya minyoo, mwanangu."

"Ya wangapi, mzee?"

"Ng'ombe wawili na kondoo kumi na mmoja."

Kijana akapanda kistuli, akashusha chupa, akataja bei. Mzee akalipa, akaenda zake. Hakuna aliyeuliza ni minyoo gani, mifugo inachungwa wapi, wala ina uzito gani. Simlaumu kijana yule, wala simlaumu mzee. Zamani bwana mifugo wa serikali alipita vijijini na maswali hayo alikuja nayo kichwani. Tangu huduma za tiba ya mifugo zilipoanza kuachiwa watu binafsi katika miaka ya 1990, muuza duka ndiye amekuwa daktari wa wengi, na karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ndiyo kitabu chake. Karatasi hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo hata mimi huzisomea miwani.

Majira nayo yana utata wake. Wengi hudhani kwamba maadamu mnyoo huyu ni wa maji, hatari yote imo katika masika. Mvua huleta mafuriko, mafuriko huwaeneza konokono, hilo ni kweli. Wakazi wa Budalang'i, ambako mto Nzoia hufurika mara kwa mara, hawahitaji kufundishwa. Lakini mifugo mingi humeza vifuko wakati wa kiangazi. Nyanda zinapokauka, nyasi mbichi hubaki ukingoni mwa maji peke yake, na huko ndiko kila mfugaji anakopeleka wanyama wake. Katika kiangazi Waorma huingiza makundi yao ya ng'ombe katika delta ya mto Tana, ambako Wapokomo hulima, nayo delta huwa ndiyo sahani ya pekee iliyobakiwa na chakula. Asilimia 3.5 ya mkoa mzima haituelezi hali ya ng'ombe aliyeshinda miezi miwili akila nyasi za ukingo wa kidimbwi. Ndiyo maana dawa ya kuua bapa waliokomaa hupendekezwa kabla ya mvua kuanza, ili mayai yasisombwe hadi majini, kisha wanyama watibiwe tena baada ya kutoka katika malisho ya kinamasi. Tarehe zenyewe hazifanani Nyandarua na Busia, na hapo lazima daktari wa mifugo wa eneo aulizwe.

Mabua ya mpunga yanastahili neno moja. Mabua ya Mwea husafirishwa mbali kuwalisha ng'ombe wa maziwa ambao hawajawahi kukanyaga tope. Yakilishwa yakiwa mabichi, sehemu ya chini iliyozama majini huweza kuwa na vifuko. Nchini Indonesia wafugaji wameshauriwa kulisha sehemu ya juu ya bua na kuiacha ya chini, au kuyaanika mabua juani kwa siku kadhaa hadi yakauke kabisa. Ukavu ni adui mkubwa wa kifuko.

Yaliyobaki yanajulikana, ingawa hayafanywi. Mifugo inyweshwe kwenye birika au hori lililoinuliwa, maji yakivutwa kwa mfereji, badala ya kuachiwa kuingia mtoni. Sehemu zenye tope la kudumu zizungushiwe ua au zichimbiwe mitaro maji yaondoke. Samadi isitupwe mbichi kwenye mashamba ya mpunga; irundikwe kwanza, kwani joto la lundo huua mayai. Bata hula konokono, na mayai yao nasi tukala. Wengine huwaua konokono kwa mrututu, jambo ambalo silipendi hata kidogo. Mrututu huua samaki pia, na kondoo ni mnyama anayedhurika upesi kwa madini ya shaba. Kipimo cha dawa kifuate uzito, na pasipo na mizani utepe wa kuzungusha kifuani mwa ng'ombe hukaribia ukweli kuliko jicho la mwenyewe. Kinyesi kipimwe, lakini mpimaji aambiwe anatafuta nini. Mayai ya bapa ni mazito na huzama, hali ya minyoo wa mviringo huelea, na anayechunguza yanayoelea tu atamwandikia ng'ombe mgonjwa cheti cha afya. Naye kondoo anayeuawa na minyoo wachanga hana yai hata moja kinyesini, kwani wauaji wake hawajafikia umri wa kutaga.

Walimu wenzangu, sasa niwageukie ninyi. Kwa miaka mingi katika mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi wa somo la Kilimo amefundishwa maisha ya mnyoo huyu tangu yai hadi ini. Amechora mishale, ametaja konokono kwa jina la Kilatini, amepata alama zake. Amefundishwa hayo yote kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyo huyo hurudi nyumbani likizo, akamkuta nyanya yake anawanywesha kondoo dawa isiyofaa, naye asiwe na neno la kumweleza kosa liko wapi. Ujuzi anao, ila umefungiwa katika lugha ya mtihani. Nimewauliza wanafunzi wangu wa chuo kikuu, waliosoma Kilimo hadi kidato cha nne, wanieleze mzunguko huo kwa Kiswahili, na wengi wamekwama pale pale kiluwiluwi kinapoanguliwa.

Kazi ya kufanya ipo, na haihitaji fedha za wafadhili. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kilimo wakae pamoja kipindi kimoja. Wanafunzi watumwe kwa wazee, kwa wachinjaji na kwa wakaguzi wa nyama wakaulize dudu la ini linaitwaje katika lugha ya kila nyumba: Kikalenjin, Kimaasai, Kiluhya, Kijaluo, Kikuyu, Kiorma. Mchinjaji ambaye amelishika kwa mkono wake hawezi kuwa hana jina lake. Yumkini miongoni mwa majina hayo limo moja litakalonishinda 'bapa' wangu kwa uzuri, nami nitalikubali bila kinyongo.

Kuhusu chupa, nina ombi dogo kwa wanaosimamia dawa za mifugo. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jamhuri pamoja na Kiingereza. Sidai maelezo yote yatafsiriwe kesho asubuhi. Nadai mistari miwili juu ya kila chupa ya dawa ya minyoo, kwa herufi ambazo mzee yule wa kofia iliyolowa angeweza kuzisoma dukani kabla ya kulipa. Kwa zile zisizomgusa mnyoo wa ini ingetosha kuandika hivi: "Dawa hii huua minyoo wa mviringo wa tumbo na mapafu. Haimuui mnyoo bapa wa ini."